Korongo la Matambara

Mwalimu wa jiografia alirudisha kazi za wanafunzi kwa kuzitupa mezani moja moja, kama mtu anayegawa karata. Alipofika kwa Profesa hakutupa. Aliyainua makaratasi yake juu, darasa zima likaona wino mwekundu.

"Mama, hebu tusomee swali lilisemaje."

Alimwita mama kwa sababu mwanamke huyo alimzidi miaka kumi, lakini kwa namna alivyolitamka neno lile, heshima haikuwamo hata chembe.

Jina la Profesa wala halikuwa la pale chuoni. Alilipata ghalani, alikokuwa akichambua mitumba, siku alipokwenda na kitabu cha jiografia ndani ya mfuko wa chakula. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, jina likamganda. Kila siku alitoka ghalani saa tisa, akajipangusa vumbi, akawahi masomo ya ualimu ya alasiri, akaketi nyuma kabisa ili vijana wasisikie harufu ya dawa ya nguo mwilini mwake.

Alisimama, akasoma. "Chagua kanda moja ya dunia. Andika tafakuri yako juu ya kanda hiyo na suala moja linaloikabili dunia nzima."

"Na wewe umeandika kuhusu nini?"

"Mafuriko ya kule kwetu bondeni."

"Bondeni kwenu ni kanda ya dunia?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akakiacha kicheko kiishe chenyewe, hana haraka.

"Mwalimu," alisema Profesa, "korongo letu liliziba kwa nguo. Nimezitaja lebo zake humo. Shati limeshonwa Asia, likavaliwa Ulaya, likaja kuozea mlangoni kwangu. Hizo ni kanda tatu. Nilidhani ndilo swali lenyewe."

"Kitabu kinasemaje, ukurasa wa mia na kumi na mbili?"

Aliujua ukurasa ule kwa moyo. "Kinasema mafuriko katika miji ya kanda yetu husababishwa na wakazi kujenga mabondeni na kutupa taka ovyo."

"Basi! Jibu liko hapo, wewe unaniletea malalamiko ya nyumbani." Akamwekea makaratasi mezani. Juu yaliandikwa: *Hii si jiografia.* "Andika upya. Mwisho wa mwezi iwe mezani kwangu, la sivyo mwaka unaurudia."

Profesa aliketi. Hayo aliyoyaita malalamiko ya nyumbani, yeye alikuwa ameyaandika bila kutia chumvi hata punje. Aliandika kwamba Jumamosi ile mvua ilianza saa sita mchana na haikuwa kubwa kuliko mvua nyingine. Kwamba maji yalipofika kwenye bomba kubwa la zege chini ya barabara yalikuta limejaa matambara, yakageuka, yakaingia majumbani. Kwamba baba mkwe wake, ambaye hatembei bila mkongojo, alipanda juu ya meza ya cherehani yake na kusimama pale saa mbili nzima, amemnyanyua mjukuu wake wa miaka sita begani. Kwamba jirani yao, mama muuza mkaa, alirudi ndani kuokoa gunia moja, mlango ukajifunga kwa nguvu ya maji, akatolewa jioni, amekufa, ameling'ang'ania gunia lake.

Pembeni ya sentensi hiyo ya mwisho mwalimu alikuwa ameandika: *Chanzo cha taarifa?*

---

Nyumba ilikuwa bado inanuka matope. Mstari wa maji ulionekana ukutani, sawa na kifua cha mtu mzima, na chini yake rangi ilikuwa ikibanduka yenyewe. Magodoro yalianikwa uani siku ya kumi na moja sasa, hayakauki. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, cherehani yake imefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti, anasugua kutu kwa kitambaa chenye mafuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje wasomi?"

"Wamesema hatujui jiografia."

Mzee alikohoa. Kikohozi kile kilimwanza siku ya mafuriko na hakikuonyesha dalili ya kuondoka. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alishona sare za shule, suti za harusi, mapazia ya ofisi, hadi marobota ya mitumba yalipoingia mjini na watu wakaacha kumletea kitambaa. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini ulimi wake ulibaki mkali kama mkasi.

"Nenda kamwambie huyo mwalimu," alisema, "mimi nimesimama juu ya meza saa mbili naitazama hiyo jiografia inavyopanda ngazi."

Profesa alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akageuza uso, akajifanya anageuza godoro.

Mumewe alirudi jioni, saruji imemkauka kwenye vidole. Alikuwa mwashi. Alipoambiwa habari ya kazi kuandikwa upya alivuta pumzi ndefu.

"Sasa ugumu uko wapi? Nakili wanachotaka, upate cheti, ukafundishe. Ukishaajiriwa utawafundisha watoto unachotaka."

"Nikiandika kwamba tulijizamisha wenyewe, nitamtazamaje mume wa marehemu?"

"Yeye ataisoma hiyo kazi yako?" aliuliza mumewe.

---

Siku ya tatu tangu arudishiwe kazi yake, meneja wa ghala alimwita ofisini. Katika miaka saba Profesa hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Palikuwa na kiti cha wageni, lakini hakuambiwa akae.

"Nasikia wewe unasoma chuo," meneja alisema kwa uchangamfu. "Na unakaa kule kulikofurika. Pole sana. Kampuni imeguswa, imeguswa kabisa. Kesho kutwa tunapeleka msaada wa nguo, marobota matano. Wapiga picha watakuwepo. Tunataka mtu mmoja atoe shukrani kwa niaba ya wahanga, mtu anayejua kupanga maneno. Nikasema, si tunaye Profesa wetu?"

"Nishukuru kwa niaba ya nani, bosi?"

"Ya wenzako." Akatabasamu. "Kuna nafasi ya msimamizi wa meza inafunguka. Sisemi zaidi."

Alirudi kwenye meza yake ya kuchambulia. Vumbi la nyuzi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Wanawake arobaini walisimama wamejifunga vitambaa puani, mikono inakwenda bila kuangalia: koti huku, suruali kule, hii ina zipu, hii haina, hii ya kutupa. Hapo ndipo alipoisomea dunia kabla hajakanyaga chuo. Alijua kutokana na lebo ni nchi zipi zinashona na zipi zinavaa, na alijua kutokana na mifuko kwamba wanaovaa husahau tiketi za treni, risiti za kahawa, barua. Hakuwahi kuona lebo yenye jina la nchi yake. Nchi yake ilikuwa mahali pa mwisho pa safari, na mahali pa mwisho hapaandikwi kwenye lebo.

Mama Mizani, aliyepima marobota na ambaye alikuwa ghalani tangu siku lilipofunguliwa, alimsogelea. "Umeitwa kwa heri au kwa shari?"

"Nimeitwa kusema asante."

"Basi sema, mwenzangu, sote tunasema. Mimi nina asante nyingi humu kifuani, zikitoka zote kwa pamoja nitaanguka."

---

Msaada ulitolewa kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Wahanga walipangwa mistari miwili juani, wanawake mbele ili picha zitoke vizuri. Kitambaa kikubwa chenye jina la kampuni kilitundikwa kwenye goli la mpira. Mume wa muuza mkaa alivutwa mkono akasimamishwa katikati. Alikuwa bado amevaa viatu vya kuazima.

Lori likashusha marobota matano. Profesa alikuwa jukwaani karibu na meneja, karatasi ya shukrani aliyoandikiwa mkononi. Aliyatazama marobota yale.

Yalikuwa yamefungwa kwa kamba nyekundu.

Ghalani, kila mtu alijua. Kamba nyeupe ni nguo za daraja la kwanza, zinazokwenda madukani. Ya bluu ni za kuuzwa kwa wachuuzi. Kamba nyekundu ni takataka. Robota la kamba nyekundu halipimwi hata uzito. Hupakiwa moja kwa moja kwenye lori linalokwenda juu ya korongo, likainua mgongo na kumwaga.

Vijana wa kampuni walikata kamba, ugawaji ukaanza huku kamera zikibofya. Bibi mmoja alipewa gauni la harusi lisilo na mgongo. Baba mmoja alipewa kiatu kizito cha barafuni, cha mguu wa kushoto. Akasubiri cha kulia, akasubiri, mpaka akasukumwa apishe wengine. Mume wa muuza mkaa alivishwa koti la manyoya lililoliwa na nondo, akaambiwa atabasamu. Jasho lilimtiririka. Hakutabasamu, lakini hakulivua.

"Na sasa," alisema meneja kwenye kipaza sauti, "mfanyakazi wetu, ambaye pia ni mhanga na ni msomi, atatoa neno la shukrani."

Profesa alipokea kipaza sauti. Alisoma mstari wa kwanza wa ile karatasi, "Tunaishukuru kampuni kwa moyo wake wa huruma," akaishia hapo. Akaikunja karatasi.

"Jamani," alisema. "Mimi ndiye niliyezichambua nguo hizi. Mikono yangu hii. Nilizitupa kwenye rundo la takataka kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kamba nyekundu kule ghalani maana yake ni tupa. Haya ndiyo matambara yaliyoziba korongo. Yale mengine yalituletea maji ndani, na haya tumeletewa tuseme asante."

Meneja alikuwa ameshaushika mkono wake.

"Bosi, niache nimalize. Muuza mkaa alikuwa jirani yangu. Huwezi kumuua mtu kwa tambara halafu ukamvisha mumewe tambara lingine na kumpiga picha!"

Kipaza sauti kikazimwa. Ungetegemea uwanja ulipuke, lakini haukulipuka. Watu walitazama nguo zilizo mikononi mwao kama waliofumaniwa. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa amekumbatia blanketi lenye tundu, alisema kwa sauti ya chini lakini ikasikika, "Takataka au si takataka, dada, mwanangu analala kwenye sakafu yenye unyevu. Mimi naondoka nalo."

Akaondoka nalo. Wengine wakamfuata, kila mtu na chake. Hilo ndilo lililomuuma Profesa kuliko mkono wa meneja: alikuwa amewavua watu hadharani na hakuwa na cha kuwafunika.

---

Mchana ule ule alizuiliwa langoni mwa ghala. Mlinzi, aliyekuwa akitaniana naye kila asubuhi, alitazama viatu vyake mwenyewe alipokuwa akisema, "Dada, nimeambiwa usiingie." Baada ya muda Mama Mizani alitoka na aproni yake na bakuli lake la chakula ndani ya mfuko.

"Umemwaga unga, Profesa."

"Nimeumwaga."

"Ila nilipoambiwa ulivyosema, mie nilisikia kama napumua." Akageuka haraka kabla hajaonekana.

Nyumbani mumewe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Neno moja," alisema. "Asante. Limekushinda. Sasa tutakula jiografia?"

"Ungekuwa wewe ungesema?"

"Mimi kila siku nasema! Unadhani nikijenga kuta za watu wanaoniita 'wewe', huwa nasema nini? Nasema asante, nachukua mwiko wangu, narudi kwenu."

Waliangaliana. Kila mmoja alikuwa na hasira, na mwenye kustahili hasira ile hakuwepo chumbani.

Baba mkwe alikuwa akiisikiliza yote kutoka kwenye kigoda chake. Mkononi alikuwa na kipande cha kitambaa alichokinyofoa kwenye matope ya mlangoni. Alikivuta huku na huku, akakisogeza puani, akakichoma ncha kwa kiberiti. Kikanywea na kudondosha tone jeusi.

"Nailoni," alisema. "Hii haiozi leo wala kesho. Mimi nitaoza kabla yake." Akakohoa. "Mama, robota likikosea mlango huko ghalani kwenu, hufanywaje?"

"Linarudishwa, baba."

"Ghala liko mbali?"

"Dakika ishirini kwa miguu."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Na toroli unalo?"

---

Walianza Jumatatu alfajiri ilipopambazuka, watatu tu. Mzee aliketi kwenye kigoda ukingoni mwa korongo na kuvuta matambara kwa ndoano ya mkongojo wake. Profesa alikuwa ndani ya matope hadi magotini, akipakia. Mumewe, aliyesema hatakuja, alikuja kwa kisingizio kwamba toroli ni lake na hataki livunjwe.

Safari ya kwanza watu waliwatazama kama vichaa. Ya pili, mume wa muuza mkaa alitoka ndani kwake na beseni. Ya tatu, alitoka yule mwanamke wa blanketi. Hakumsemesha Profesa, alipandisha tu gauni na kuingia matopeni. Kufikia saa tatu palikuwa na matoroli sita, mikokoteni miwili, na watu waliobeba matambara vichwani, maji machafu yakiwatiririka mabegani. Nguo zilitoka ndani ya lile bomba la zege kama utumbo, zimesokotana, suruali imefungana na pazia, pazia na soksi. Walivuta watu wanane, kama wanaovuta kamba.

Saa sita mchana rundo lilikuwa limeziba lango la ghala. Malori matatu yalikwama nje, mawili ndani. Mlinzi alikuwa ameondoka kwenda kunywa maji na hakurudi. Wachambuzi walipanda juu ya meza zao na kuchungulia madirishani.

Meneja alitoka ameziba pua kwa kitambaa.

"Nani amewatuma?"

Mume wa muuza mkaa akatua beseni lake chini. Alikuwa amelivaa lile koti la manyoya, sasa limekuwa rangi ya matope.

"Mke wangu," alisema.

Akalivua koti, akaliweka juu ya rundo, akabaki na singlendi.

Askari wawili waliitwa, wakaja, wakauliza ni nani kiongozi. Kila mtu akanyoosha kidole kwa jirani yake hadi askari mmoja akacheka bila kutaka. Mabishano yalichukua saa mbili. Mwishowe meneja alipanda juu ya kreti na kutangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna lori la ghala litakalomwaga kitu kwenye korongo lao. Watu walipiga vigelegele. Mashine ikaja kusukuma rundo, na walirudi bondeni wakiimba, wakinuka, wakipigana mabega.

Mume wa Profesa alisukuma toroli tupu kando yake. "Haya, jiografia imetembea leo," alisema, na huo ndio ulikuwa msamaha wake.

---

Majuma mawili yalipita. Mvua nyingine ikanyesha, maji yakapita chini ya barabara kama kawaida yake. Profesa alipata kazi ya kufulia watu nguo, alasiri akaenda chuoni. Kazi ya kuandika upya ilikuwa bado karatasi nyeupe, na kesho yake ndiyo siku ya mwisho.

Alikuwa ameketi nayo mezani, asubuhi, alipoingia Mama Mizani, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Hakukubali chai.

"Nimekuja kukwambia kitu, na nilikuwa najiuliza kama nikwambie. Malori hayajaacha kutoka na kamba nyekundu."

"Yanakwenda wapi?"

"Upande wa pili wa kilima, nyuma ya tanuri za matofali. Kuna korongo kule. Dereva anasema chini kuna nyumba, kama kwenu tu."

Profesa alilikumbuka neno la meneja juu ya kreti: korongo lenu. Alikuwa amelisikia siku ile ile, na akalipigia vigelegele.

"Umeshafanya yako," mumewe alisema kutoka mlangoni, kwa upole. "Andika wanachotaka, peleka, upumzike. Huwezi kwenda kila bonde."

"Dunia nzima wanafanya hivi," alijibu. Sauti yake ilikuwa tulivu na mbaya. "Wanaotupa, wakifukuzwa hapa wanahamia pale, na pale kila mara kuna mtu. Halafu anakuja mwandishi wa kitabu anaandika kwamba huyo mtu ana tabia chafu. Na mimi nikafundishe watoto hivyo?"

"Ukifelishwa je?"

"Nitaurudia mwaka."

Alichukua kalamu na daftari, akavaa buti za mpira. Baba mkwe, bila kuuliza kitu, alimpa kile kipande cha nailoni kilichoungua. "Waonyeshe," alisema. "Waambie wasingoje tambara lioze."

Ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Alipita tanuri za matofali, moshi ukimkaba, akateremka kwa njia ya mbuzi. Alilisikia lori kabla ya kuliona: ule mlio wa chuma wa mgongo unaoinuka, kisha kishindo laini kama mtu mnene anayejitupa kitandani. Chini, kando ya mkondo mwembamba wa maji, zilipangana nyumba kama hamsini, moshi wa jikoni ukitoka, nguo zilizofuliwa zikining'inia kwenye kamba. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeshuka na maji na kunasa kwenye jiwe, mbele ya mlango wa kwanza.

Alibisha hodi. Mwanamke aliyetoka alikuwa na unga mikononi na mtoto mgongoni. Aliyatazama matope kwenye buti, akalitazama daftari, uso wake ukajifunga.

"Wewe ni wa serikali?"

"Hapana."

"Wa kampuni?"

"Hapana, dada. Mimi ni mwanafunzi," alisema Profesa. "Nina habari mbaya. Nikaribishe ndani nikueleze, kabla mvua haijaanza."